Kinini, kwinini na gome la mti wa Andes

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja mkoani Kigoma. Wagonjwa wetu wengi wanatoka Burundi na Kongo. Juzi mama mmoja aliniomba "kinini cha kichwa". Nikamwambia kwinini si dawa ya kichwa, ni dawa ya malaria. Tukavutana hapo dirishani mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Je, kinini na kwinini ni neno moja? Na kwinini lenyewe limetoka wapi? Chuoni mwalimu wetu alisema limetokana na "kwini", yaani malkia aliyeponywa na dawa hiyo. Bibi yangu naye alikuwa akisema dawa ile ni chungu hata mtu anajiuliza "kwa nini?", ndipo jina likapatikana. Na klorokwini je, ni mtoto wake?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole na kazi.

Mama yule hakukosea, nawe hukukosea. Kinini na kwinini ni neno moja lililofika kwetu kwa njia mbili. Moja ilipitia vinywa vya Waingereza, nyingine vinywa vya Wafaransa na Wabelgiji. Njia hizo zimekuja kukutana kwenye dirisha lako la dawa, kila moja na maana iliyookota safarini. Nianzie hapo mlipovutana, kisha tupande mpaka kwenye chanzo.

Waingereza huandika quinine, na wengi wao husoma "kwinin", silabi ya mwisho ikivutwa. Kiswahili cha Kenya, Zanzibar na Tanganyika kililichukua kwao na kulitilia irabu mwishoni, kama kilivyofanya kwa benki na soksi. Wamarekani hulisoma neno hilohilo "kwainain". Tungelisikia kwao kwanza, leo ungekuwa unaandika "kwainaini" kwenye daftari lako. Wajerumani, waliotutawala kabla ya Waingereza, huiita Chinin, na waliitumia sana. Robert Koch mwenyewe alichunguza malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, kiliotesha miti inayotoa dawa hiyo. Hata hivyo neno lao halikushika. Wajerumani walituachia shule. Dawa tuliiita kwa jina la Waingereza.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda vingine. Mfaransa huandika quinine vilevile, lakini kwake qu ni k tupu, hivyo husema "kinin". Neno likaingia Kongo, Burundi na Rwanda likiwa limeanza na ki-. Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu akisikia ki- mwanzoni mwa neno, humwia vigumu kuamini kwamba hiyo si ngeli. Kitabu tulikipata kwa Waarabu, ambao wingi wake kwao ni kutub, sisi tukasema vitabu bila kumuuliza mtu. Madereva waliona kibao cha Kiingereza kinachowaambia wapite kushoto, wakapata kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Ndivyo ilivyokuwa kwa dawa hii. Katika Kirundi na Kinyarwanda kimoja ni ikinini, vingi ni ibinini, na katika Kiswahili cha Kongo utasikia kinini.

Ngeli ile haikubadilisha wingi tu, ilibadilisha na maana. Neno likishakaa na kitabu, kiti na kikombe, linakuwa jina la kitu chenye umbo, kitu cha kushika na kuhesabu. Dawa ya malaria haihesabiki, kidonge kinahesabika. Pole pole ikinini likaacha kuwa jina la dawa fulani, likawa jina la umbo lake. Leo mtu wa Bujumbura au Kigali akimeza Panadol, amemeza ikinini. Nadhani ilisaidia pia kwamba kwa miaka mingi kwinini ndiyo ilikuwa dawa ya vidonge iliyojulikana kuliko nyingine. Sisi wenyewe tumefanya hivyo dukani: kuna anayeomba Kolgeti akapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine, na wala hajioni amedanganywa. Kuna jambo moja zaidi linalonifurahisha. Katika Kinyarwanda na Kirundi, -nini maana yake ni kubwa, kwa hiyo kinini ni pia "kikubwa". Kidonge kidogo kama punje ya mhindi kimebeba jina linalosikika kama jina la jitu.

Kwinini yetu haikupata ki-, ilipata kwi-, na kwi- si ngeli ya kitu chochote. Basi ikabaki katika kundi la dawa, chai na sukari: kwinini hii, kwinini hizi. Kwa kuwa haikupata umbo la kuhesabika, ikabaki na maana yake ya kwanza, dawa ya malaria na si nyingine.

Kwa hiyo mama yule aliposema kinini cha kichwa, alikuomba kidonge cha maumivu ya kichwa kwa Kiswahili fasaha cha kwao. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana jambo hili linavuka mipaka ya isimu. Mgonjwa wa kutoka upande ule akikuambia kwamba tangu jana amemeza "binini viwili" au "kinini asubuhi na jioni", usiandike kwenye kadi kwamba ametumia kwinini. Kwinini huvumisha masikio, inaweza kushusha sukari ya damu, hasa kwa mjamzito, na inagusa mapigo ya moyo. Daktari akisoma kwenye kadi kwamba mgonjwa ameshaanza kwinini, anaweza kupanga matibabu kwa kufuata hilo, na kumbe mgonjwa alimeza dawa ya mafua. Muulize: ilikuwa ya ugonjwa gani? Rangi gani? Pakiti iko wapi? Maswali matatu hayo ni nusu dakika.

Sasa twende kwa malkia.

Mwalimu wako hakulitunga jambo hili kutoka hewani. Kuna mwanamke mwenye cheo kwenye hadithi hii, ila hakuwa malkia, na jina lake halimo ndani ya neno kwinini. Limo ndani ya jina la mti. Mwaka 1742 Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, aliuita mti wa dawa hii Cinchona. Alilenga kumuenzi bibi wa Chinchón, mke wa makamu wa mfalme wa Hispania aliyetawala Peru kuanzia 1629 hadi 1639. Hadithi iliyochapishwa mwaka 1663 na tabibu mmoja wa Genoa, Sebastiano Bado, ilisema kwamba bibi huyo aliugua homa mjini Lima, akaletewa unga wa gome kutoka Loja, eneo ambalo leo liko Ekuado, akapona, kisha akawagawia maskini. Ni hadithi tamu, na ilisimuliwa kwa karibu miaka 300 kama historia.

Mwaka 1941 mtafiti aitwaye Haggis aliichambua, ikaporomoka. Makamu yule wa mfalme alikuwa na katibu aliyeandika shajara ya kila siku. Shajara hiyo inataja homa za bwana mwenyewe, lakini haisemi kwamba bibi aliugua homa ya namna hiyo, wala haitaji gome la kimuujiza. Zaidi ya hayo, Ana de Osorio, mke ambaye hadithi ilikuja kumpa sifa hiyo, alifariki Hispania mwaka 1625, kabla mumewe hajapelekwa Peru. Aliyekwenda naye Lima ni mke wa pili, Francisca Henríquez de Ribera. Na juu ya yote, Linnaeus aliidondosha h ya kwanza ya Chinchón. Karne iliyofuata Mwingereza Clements Markham alipigania sana irudishwe, hata akaandika kitabu kizima kumtetea bibi huyo. Hakufanikiwa, kwa sababu kanuni ya majina ya mimea hushikilia jina lililotangulia kuchapishwa hata kama lina kosa. Mti ule umebaki na jina lililokosewa la mama ambaye hakuponywa nao.

Naamini mwalimu wako, au aliyemfundisha, aliisikia hadithi ya bibi wa Chinchón, akasikia na "kwini" ndani ya kwinini, akaviunganisha. Masikio yetu hupenda kufanya hivyo. Bibi yako naye alifanya vivyo hivyo na "kwa nini", na kwa kweli yake naipenda zaidi, maana imeshika kitu cha kweli: uchungu. Kwinini ni miongoni mwa vitu vichungu kupita kiasi, kiasi kwamba wanasayansi wanaochunguza ulimi huitumia kama kipimo cha uchungu, kama Waswahili tunavyotumia shubiri. Uchungu mdogo unaousikia kwenye soda ya toniki ndiyo hiyo hiyo kwinini, imetiwa kidogo tu.

Neno lenyewe ni la Kikechua, lugha ya milima ya Andes iliyokuwa lugha ya dola ya Inka na ambayo hadi leo inazungumzwa na mamilioni ya watu Peru, Bolivia na Ekuado. Kamusi nyingi zitakuambia kwamba kina ni gome, na kwamba kinakina, kwa kulirudufu neno, ni gome lenye tiba, gome la magome. Urudufishaji huo hautakuwa mgeni kwako wewe usemaye polepole na sawasawa. Wahispania waliandika quina na quina-quina kwa herufi zao.

Nyuma ya maelezo hayo mafupi kuna mambo mawili ambayo kamusi huyaruka. La kwanza ni la Mfaransa La Condamine, aliyefika Loja mwaka 1737 kuuona mti huo kwa macho yake. Aliuliza maana ya quina, na hakuipata katika Kikechua kilichokuwa kikisemwa wakati huo. Aliikuta katika kamusi ya zamani, ikiwa imeelezwa kuwa ni vazi la kujitanda, kama shuka. Akawaza kwamba gome ni shuka la mti, na hapo ndipo maana ilipohama. Mimi wazo hilo linanivutia, kwa sababu nasi tunasema ganda la yai, ganda la mti na ganda la ndizi kwa neno moja, tukiangalia kile kinachofunika.

La pili ni zito zaidi. Kuna ushahidi kwamba kinakina ya kwanza haikuwa mti huu kabisa. Ilikuwa mti mwingine, ule unaotoa zeri nyekundu ya Peru, ambao gome na mbegu zake zilitumika kwa homa kabla gome la Loja halijapata sifa. Mti wa Loja wenyewe Wahispania waliuita mti wa homa. Mtawa Antonio de la Calancha aliutaja kwa jina hilo miaka ya 1630, akieleza gome lake la rangi ya mdalasini linalosagwa na kunywewa. Biashara ilipopamba moto Ulaya, magome ya miti hiyo miwili yakachanganywa sokoni, na jina la mti wa kwanza likahamia kwa wa pili. Mti uliotoa jina ukasahauliwa na uliolipokea ukatajirisha watu. Mfamasia yeyote aliyewahi kukuta mitishamba miwili ikiuzwa sokoni kwa jina moja atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Na hapa ndipo Afrika inapoingia, kwa njia ya huzuni. Malaria kali, ile inayoua, haikuwako Amerika kabla ya Wazungu kuvuka bahari. Ilifika ndani ya damu ya Waafrika waliopakiwa kwenye majahazi ya utumwa. Kwa hiyo ugonjwa ulitoka bara letu, gome lilitoka milima ya Andes, vikakutana Amerika kwa sababu ya biashara ambayo haikuuliza ridhaa ya Mwafrika wala ya mtu wa Andes. Wajesuiti wa Lima ndio waliopeleka gome Roma, na kwa muda mrefu Ulaya iliujua kama unga wa Wajesuiti.

Mpaka hapo tuna gome, hatuna kwinini. Kwinini ilizaliwa Paris mwaka 1820, pale wafamasia wawili, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou, walipoitenga ile chembe inayofanya kazi na kuitoa ndani ya gome. Walihitaji jina. Walichukua quina, neno la Kikechua lililovaa herufi za Kihispania, wakalitia mkia -ine ambao wakemia wa Kifaransa walikuwa wakiutumia kwa vitu vya aina hiyo. Mkia huo unaujua: ndio uliomo kwenye kafeini, nikotini na mofini. Basi ukilikata neno kwinini, upande wa mbele ni gome la Kikechua na wa nyuma ni mkia wa maabara ya Paris. Hakuna malkia humo, na hakuna swali.

Gome hilo hilo lina kemikali nyingine, iliyoitwa kwa jina la mti wa Linnaeus, sinkonini. Yaani bibi wa Chinchón alipata kemikali yake na Wakechua wakapata yao. Iliyokuja kuokoa watu wengi ni ile yenye jina la Kikechua, na ninapofundisha sipendi kulipita jambo hilo kimya, kwa sababu vitabu vingi humtaja bibi na kuwasahau walioita gome gome.

Umeuliza kama klorokwini ni mtoto wake. Kwa jina, ndiyo. Kwa damu, si hasa.

Mwaka 1842 mkemia Charles Gerhardt alichemsha kwinini pamoja na potashi kali, akapata mafuta fulani yenye harufu. Akayaita kwa jina lililotokana na kwinini, na leo tunayaita kwinolini. Kwinolini ni pete mbili za atomu zilizoungana, tuziite mifupa, na mifupa hiyo imo ndani ya kwinini. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1934, Hans Andersag wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, alijenga dawa mpya maabara juu ya mifupa hiyo, bila kugusa gome. Wajerumani waliiita Resochin, na humo ndani tazama -chin: ni kina tena, imevaa Kijerumani. Waliiona kali mno wakaiweka kando. Vita Kuu ya Pili ilipofika, Wajapani waliiteka Java mwaka 1942, na Java ndiyo ilikuwa ikilisha karibu dunia nzima kwinini kutokana na mashamba ya Waholanzi. Wamarekani wakatafuta kwa haraka dawa ya kujengwa, wakairudia ile iliyokataliwa, na jina lililoshika ni klorokwini: kloro kwa sababu ya klorini iliyounganishwa kwenye pete, kwini kwa sababu ya kwinolini. Kloro ni Kigiriki, rangi ya kijani iliyokwajuka. Inatokea kwamba Pelletier na Caventou, wale wale, ndio waliotunga jina klorofili kwa kijani cha majani, miaka michache kabla ya kwinini. Sidhani waliota kwamba maneno yao mawili yangekuja kuungana kwenye kidonge kimoja.

Kwa hiyo klorokwini na kwinini wanafanana mifupa, si kwamba mmoja ametoka tumboni mwa mwingine. Tangu 1953 Shirika la Afya Duniani huchapisha orodha ya majina ya dawa yasiyo ya kampuni yoyote, na katika utaratibu huo mwisho -quine umetengwa kwa dawa zenye mifupa ya kwinolini. Ndiyo maana ukipanga pakiti zako utaona ukoo: amodiakwini, primakwini, piperakwini, mefilokwini. Ukiona mkia huo kwenye dawa ambayo hujawahi kukutana nayo, una haki ya kukisia pete zilizomo ndani yake. Usikisie kipimo chake, wala usalama wake. Klorokwini ikizidi kidogo tu juu ya kiasi inaua haraka, kwa mtoto hasa. Na kuna kwinidini, ambayo atomu zake ni zile zile za kwinini, ila baadhi zimegeuzwa upande. Hiyo ilitumika zaidi kwa mapigo ya moyo. Herufi mbili tu zinatenganisha majina hayo kwenye kabati.

Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, vimelea vilipokuwa vimeizoea. Watu wa umri wangu tunaikumbuka kwa mwasho. Unameza jioni, usiku kucha unajikuna kama umelalia upupu. Kwinini tunaikumbuka kwa dripu na mvumo wa masikio, kama mtu aliyeweka kichwa ndani ya mtungi.

Ukoo huu una jamaa wengine usiowatarajia. Mmoja wao unamwona kila siku kwenye nyuso za watu, ingawa hayumo kwenye kabati lako. Gome lile lina pia asidi iliyoitwa kwa jina la kina, ambayo baadaye ilionekana hata kwenye buni. Mwaka 1838 mkemia Mrusi Woskresensky aliichoma asidi hiyo kwa kemikali, akapata kitu cha rangi ya manjano kilichokuja kuitwa kwinoni. Kwinoni ikiongezewa haidrojeni inakuwa haidrokwinoni. Umeitambua? Ndiyo ile iliyomo kwenye krimu za kuchubua ngozi, kiungo kikuu cha mkorogo, iliyopigwa marufuku katika vipodozi nchini kwetu. Jina lake linarudi kwenye gome lile lile la Loja, na haina kazi yoyote kwa malaria. Nimewahi kusikia dada mmoja akijitetea kwamba krimu yake "ina kwinini, ni dawa". Nilimwelewa alivyofikia hapo, kwa sababu jina kweli linafanana, na jina kweli lina asili moja. Lakini asili ya jina inakuambia kitu kilipatikana wapi mara ya kwanza. Haikuambii kinafanya nini mwilini. Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuiachia ngozi weusi wa kijivu usiotoka. Ukipata nafasi, waeleze kina mama kliniki.

Jamaa mwingine ni sipro. Mwaka 1962 wakemia waliokuwa wakitengeneza klorokwini waliona masalia fulani ya kazi hiyo yanaua bakteria. Kutoka kwenye uchunguzi huo likatokea kundi la antibayotiki liitwalo kwinoloni, ambalo siprofloksasini ni mmoja wao. Kwa hiyo unapompa mgonjwa sipro ya mkojo, unampa kitu ambacho jina la kundi lake lilianza na homa na gome, ingawa kazi yake haina uhusiano na malaria.

Siku hizi, kwa malaria kali, dripu ya kwinini imeipisha sindano ya artesunati, na kwa malaria ya kawaida tunatoa dawa mseto. Majina ya artesunati na artemetha yametoka kwa mmea Artemisia annua, na Artemisia linarudi kwa Artemis, mungu mke wa Wagiriki. Mwanamke aliyeitoa dawa hiyo mwaka 1972 hakuwa Mgiriki. Ni Tu Youyou wa China, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na Wachina wenyewe huiita qinghaosu, kiini cha mmea wa kijani. Dunia ilichagua jina la Kigiriki. Lakini mseto tumelichagua sisi, na nafurahi kila ninapoliona limechapishwa kwenye bango la zahanati. Watu wa pwani wanajua mseto ni wali na choroko zilizopikwa pamoja, na anayeusikia anaelewa mara moja kwamba dawa hii ni mbili ndani ya moja na haifai kunywewa nusu.

Nimalizie kwa mama yako wa kinini, endapo atarudi na ukapata muda wa kuzungumza naye. Kama ni wa Kongo, muulize anatoka upande gani. Akikuambia ni Kivu, mwambie kwamba mti wenyewe unalimwa kwao. Miaka mingi iliyopita ilipandwa kwenye vilima vya mkoa huo, mbali na Andes, na Bukavu kuna kiwanda kinachotoa kwinini kwenye magome yake. Kiwanda hicho kinaitwa Pharmakina. Nusu ya mbele ni Kigiriki cha wafamasia wote duniani. Nusu ya nyuma haina kwi- ya Waingereza wala mkia wa Paris, ni kina tu, kama lilivyotamkwa Andes kabla Mzungu hajalisikia.